Saba Yako, Saba Yangu

Kwetu Isiolo, kitu yoyote ya mviringo yenye mshale tuliita saa. Ya kupima maji ya injini, saa. Ya mafuta, saa. Hata ile mizani ya kuning'inia kwa bucha, hiyo pia saa. Ungesikia mtu anamwambia mwenye nyama, "Wee, hiyo saa yako inakimbia, rudisha kidogo." Na hakuna mtu alishangaa.

Sijafika miaka thelathini na tayari nasema "zamani". Wenzangu wananicheka, wananiuliza kama ndevu zimeanza kuwa nyeupe upande wa ndani. Lakini mimi nilizeeka siku moja tu, kwa ule mlima wa kutoka Isiolo kupanda Nanyuki, na nilizeeka kwa sababu ya saa moja. Na nikisema saa moja, usiharakishe kuelewa. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Nianze na miaka ya sabini, nikiwa mtoto wa Ngaremara. Mama yangu aliuza makaa kando ya barabara, na kazi yangu ilikuwa kusikia lori kabla haijaonekana, ndio magunia yasimamishwe vizuri yaonekane yamejaa. Nilijua kila lori kwa sauti. Moja inakohoa, ingine inapiga chafya kila ikibadilisha gia, ingine mlango unapiga makofi njia yote. Hizo lori za zamani zilikuwa na adabu. Zikiumwa, zinalia. Zikipata joto, maji yanachemka, mvuke unatoka puuu mpaka mbuzi wanakimbia, na dereva anashuka, anakaa chini, anangoja. Abiria wanawasha moto, wanapika chai. Nimeona watu wakichumbiana wakingoja redieta ipoe. Siku hizi gari ziko na haraka, ndio maana vijana hawaoi.

Kulikuwa na lori moja ya bluu, bodi ya mbao, nilipenda kuliko zote. Ilikuwa ya mtu wa mjini, mmoja wa wale Waislamu ambao babu zao walikuja Isiolo wakiwa askari wa mkoloni wakabaki kufanya biashara na usafiri. Dereva wake alikuwa Mborana mrefu, mwembamba, mwenye kuvaa kofia ya sufi hata jua likiwaka. Akipita Ngaremara alituchomolea vipande vya sukari guru kupitia dirisha, bila kupunguza mwendo, na sisi tulikimbia kwa vumbi tukidaka na midomo kama samaki. Hapo ndio niliamua kwamba mimi nitakuwa dereva. Wengine walitaka kuwa daktari. Mimi nilitaka kuwa yule mtu wa sukari.

Nikamaliza darasa la saba. Saba, unaona? Hiyo namba imenifuata kama mbwa. Shule ikaishia hapo, nikaenda mjini, nikawa turniboi, msaidizi wa dereva, wa hiyo lori ya bluu. Yule mzee wa sukari akanifundisha kuendesha, na matusi ya Kiborana juu, bila malipo ya ziada.

Halafu mwenye lori akafa. Mungu amlaze pema.

Watu wote walijua mjane atauza. Mjane hakuuza. Yeye ni mama alikuwa ameanza maisha yake kando ya barabara, na jerikeni za maziwa ya ngamia, kabla hajaolewa. Alikuwa mfupi, mnene, na ulimi mkali kama wembe mpya. Mkononi alivaa saa ya marehemu, saa ya mwanaume, kubwa, inazunguka zunguka kwa mkono kama bangili. Badala ya kuuza lori, aliuza ngamia wake wote, akaenda akanunua lori ya pili.

Na hiyo lori ya pili ilikuwa ya turbo.

Ilikuwa imetumiwa na kampuni moja ya kutengeneza barabara. Kazi ikaisha, kampuni ikauza vyuma vyake na kuondoka. Tulienda kuichukua sisi watatu, huyo mama mjane, mzee na mimi. Fundi wa kampuni akaiwasha, akakanyaga mafuta, na ikaanza kupiga mluzi. Fiiiii. Nusu ya soko walikuja kuangalia.

Mzee akasimama mbele yake, mikono nyuma. "Hii ni gari ama ni mbu?"

"Ni turbo, mzee," fundi akasema.

"Mbu," mzee akaamua. "Mimi siendeshi mbu. Mpe huyu wa mdomo mingi, watasikizana."

Hivyo ndivyo nilipata gari. Si kwa ujuzi. Kwa mdomo.

Yule fundi akatuonyesha saa moja ndogo, haikuwa kwa lori zingine zote za Isiolo. Ilikuwa imefungwa upande wa abiria, chini kabisa, karibu na mlango. Dereva haioni labda aiache sukani akalale kwa kiti. Nikauliza kwa nini wameiweka huko. Fundi akasema injinia wao alipenda kukaa hapo akiikodolea macho. Kila mtu na ugonjwa wake.

"Hii ni saa ya moto wa moshi," akasema. Ilikuwa na namba kuanzia moja mpaka tisa, kila namba ni digrii mia. "Hizo lori zenu zinachemsha maji. Hii inachemsha moshi. Ukibeba mzigo kwa mlima na gia kubwa, ukikanyaga mafuta, moshi kwa ekzosi unapata moto kama tanuri. Ukizidi, turbo inaungua, pistoni zinayeyuka kama mshumaa. Na saa ya maji iko pale inakuambia kila kitu ni salama."

Nikaipenda hiyo. Gari inaumwa kimya kimya, kama mgeni ameshiba lakini anaona haya kukataa chai.

"Mwisho ni saba," fundi akaendelea. "Mshale ukifika saba, punguza mafuta, rudi gia ya chini, acha injini ikimbie bila kubanwa. Na ukisimama, usizime hapo hapo. Iache ingurume polepole mpaka mshale urudi mbili. Ukizima ikiwa na moto, umeiua mwenyewe."

"Na ikipita saba?" mama akauliza.

"Basi mama, utanunua ingine."

"Nitanunua na nini? Na ngozi yangu?" Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Ngamia wameisha, kijana. Hii ikifa, mimi narudi kwa jerikeni. Na haya magoti hayataki tena kukaa chini kando ya barabara."

Nilimsikia. Nilikuwa mtu wa mzaha lakini hiyo niliisikia, kwa sababu mama yangu pia alikuwa na magoti.

Miezi michache tulienda vizuri. Unga na sukari kwenda Biliqo, mbuzi kurudi. Huko ni tambarare na mchanga, nilienda polepole, mshale haukupanda sana, na turniboi aliyekaa kando yangu alinisomea bila shida. Vumbi tulikula sisi na injini pia. Sisi tulikuwa tunatema. Injini haitemi. Hiyo uiweke kando, utaihitaji.

Halafu giaboksi ya lori ya bluu ikafa. Hapo Isiolo hakuna mtu aliweza kuitengeneza, fundi wa giaboksi alikuwa Nanyuki, huko juu. Watu wakamshauri mama aiache tu.

"Lori ya marehemu iozee hapa mbwa wakiikojolea tairi?" akasema. "Tutaivuta."

"Na turbo, mama?"

"Fundi alisema mwisho saba. Hakusema isivute. Tutaenda na saba yetu."

Tukafunga lori na lori kwa chuma cha kuvutia, bolti nene kama mkono wa mtoto. Mzee akaingia kwa ile ya bluu kushika sukani na breki ya mkono, akakaa wima na kofia yake kama sultani amebebwa. Kwa sababu hatungesikiana, tukapanga honi. Moja, tuko pamoja. Mbili, simama.

"Na nikipiga bila kuachilia," mzee akasema, "jueni nimekufa, kichwa kimeangukia honi. Mnizike upande wa kivuli."

Asubuhi, nimeshawasha, mlango wa abiria ukafunguka. Si turniboi. Ni mama, na kikapu, na chupa ya chai, na msala wa kuswalia.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam mama. Na wewe unaenda?"

"Gari ya mbele yangu, ya nyuma yangu. Nibaki nikifanya nini? Kuhesabu nzi?" Akapanda, akajipanga. "Turniboi nimemwambia alale. Hiyo saa nitasoma mimi. Wewe endesha, na ufunge mdomo vumbi isiingie."

Nikaacha injini ipate joto kidogo. Nikauliza, "Mama, saa ngapi?"

Akainama, akaangalia. "Saa nane."

Moyo ukaanguka mpaka kwa kiatu. Mia nane, na hata hatujatoka! Nikaruka, nikapita juu ya kikapu chake, nikaangalia. Mshale umekaa kwa mbili, umetulia kama mtu ameshiba.

"Mama, hii iko kwa mbili."

"Si hiyo ndiyo saa nane? Wewe hukuenda shule?"

Akaninyooshea ile saa ya marehemu mbele ya pua. Na kusema ukweli, alikuwa sawa. Mshale mfupi ukiwa kwa mbili ni saa nane, kila mtu anajua, hata kuku. Ukiwa kwa saba ni saa moja. Hivyo ndivyo mumewe alimfundisha kusoma saa, na hivyo ndivyo sisi wote tunasoma. Namba iko pale kwa uso wa saa lakini hakuna mtu anaisikiza.

Nikajaribu kumweleza kwamba hii si ya wakati, hii ni ya moto, asome namba vile iko.

"Miaka yote mshale kwa mbili ni saa nane," akasema, "leo niambiwe na mtoto wa juzi ni mbili. Kesho utaniambia Ijumaa ni Jumanne."

Nikaona hapa nitagombana na mtu mzima bure. Nikasema, "Sawa mama. Wewe soma vile umezoea. Mimi nitageuza kwa kichwa. Ile saba ya fundi, kwako ni saa moja. Ukiona saa moja, piga kelele."

"Saa moja," akarudia. "Jua linachomoza. Sitasahau."

Tukaondoka. Sijawahi kuona siku inakimbia kama hiyo. "Saa tisa," mama anasema, mimi kichwani nageuza, tatu, sawa. "Saa kumi." Nne, sawa. "Saa kumi na moja, warya, wee kijana, jioni inakaribia!" Tano, napunguza mafuta. "Saa kumi tena." Dakika chache siku imeenda mbele na kurudi nyuma, na mimi nageuza kichwani kama karani wa benki. Nilijiona mwerevu sana. Darasa la saba yangu ilikuwa inafanya kazi.

Kwa kizuizi askari akatusimamisha. Akazunguka zile lori mbili, akaja kwa dirisha.

"Mnaelekea wapi na hii treni?"

"Nanyuki, afande. Mama, saa ngapi?"

"Saa tisa."

Askari akaangalia saa yake. Ilikuwa asubuhi, jua bado changa. Akaitikisa. Akaiweka kwa sikio. "Endeni, endeni," akasema, na nikimwangalia kwa kioo bado alikuwa anaitikisa.

Bolti za kile chuma zilikuwa zinalegea, tukasimama kila mara kukaza. Kufika pale mlima unaanza kweli kweli, ilikuwa adhuhuri. Mama akasema ataswali kabla ya kupanda, kwa sababu akishafika juu hajui kama atakuwa na kitu ya kushukuru. Nikaacha injini inanguruma vile fundi alisema. Mzee naye akatandika koti lake akaswali. Mimi nikaingia chini ya gari na spana.

Nikitoka, nikamwona mama amerudi kwa gari, amesimama kwa ngazi, ameinamia ile saa, midomo inatembea. Nikafikiri ni dua. Hata nilivua kofia.

Haikuwa dua. Alikuwa anajifundisha namba zangu.

Hakuniambia. Alitaka kunionyesha kwamba mtu mzima bado anaweza kujifunza, na pia, alisema baadaye, alinihurumia nikigeuza kichwa siku nzima. Na mimi nikiendelea kugeuza kwa sababu ya kumheshimu yeye. Hapo ndipo tulipanda mlima, kila mtu na heshima yake.

Unaujua huo mlima? Unapanda, unapanda, unafikiri umefika, kumbe ulikuwa unapanda mlango tu. Nyuma yako Isiolo inakuwa mabati yanameta kwa vumbi. Hewa inaanza kuwa baridi, watu wa Isiolo wanatafuta makoti. Na ile lori ya bluu nyuma, tupu, ilikuwa nzito kama imebeba ukoo wote wa marehemu.

Injini ikaanza kuchoka. Nikarudi gia ya chini, nikakanyaga. Mluzi ukapanda juu. Nikauliza kwa sauti, "Mama, saa ngapi?"

"Saba!"

Nikageuza. Saa saba, mshale kwa moja. Moja! Baridi kabisa! Nikajiambia, kumbe hii mambo ya kurudisha gia ni dawa kali hivi, fundi alikuwa na maana. Nikakanyaga zaidi.

"Saba!" mama akasema tena, kwa nguvu. "Saba, warya, saba!"

"Asante mama!" nikapiga kelele. "Endelea hivyo hivyo!"

Nikasikia ananiangalia. Unajua mtu anaweza kukuangalia mpaka usikie kwa shavu? Hivyo.

"Nane!"

Nane, yaani mbili. Imepanda kidogo tu. "Alhamdulillahi!" nikasema, na mimi ni Mkristo, nilitaka tu kumfurahisha. Mguu mpaka chini.

Mzee nyuma akaanza honi. Si moja, si mbili. Paaaaaaa, bila kuachilia. Nikaangalia kioo nione kama kichwa chake kimeangukia sukani, nikaona hakuna lori ya bluu. Kuna moshi tu. Moshi mweusi, mnene, kama mtu amemwaga usiku barabarani, na ndani yake honi inalia. Halafu harufu ikaingia kwa kebini. Harufu ya chuma. Kama umewahi kusahau sufuria kwa jiko mpaka ikaisha maji, unaijua.

Mama akavua kiatu akapiga dashibodi. Pa!

"Saba YAKO!" akapiga kelele. "Saba yako! Si saba yangu!"

Kuna wakati kichwa kinageuka mara moja na kila kitu ndani kinaanguka mahali pake. Mguu wangu ukatoka kwa mafuta hata kabla niuambie. Nikasimamisha, nikavuta breki ya mkono, nikashikilia na ya mguu. Nyuma mzee akavuta yake pia. Tukakaa hapo, lori mbili kwa mteremko, injini inanguruma.

Mama akaona moshi unaingia kwa dirisha. Mtu yeyote akiona moshi anafikiria kitu moja, kuzima. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwa ile kamba ya kuzimia injini, chini ya sukani, karibu na goti langu.

"Usizime mama!"

"Inaungua! Gari yangu inaungua!"

"Ukizima umeiua!"

Hakunisikia. Na ningemshika mkono vipi? Mjane wa Kiislamu, umri wa mama yangu, mimi kijana si ndugu yake. Hiyo haifanyiki, hata gari ikiwa inawaka. Basi nikafanya kile kitu peke yake niliweza. Nikaufunika ule mpini wa kamba na kiganja changu.

Mkono wake ukasimama hapo, hewani, karibu na wangu, saa ya marehemu imeteleza mpaka kwa kiwiko. Hangenigusa, kama vile mimi singemgusa. Heshima ndiyo ilitupeleka kwa moto, na heshima ndiyo ilizuia ule mkono.

"Kijana," akasema polepole. Hakuwa na hasira tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Magoti yangu."

"Najua mama. Tuingoje. Nisomee."

Akainama. "Iko... kwa nane. Nane yako."

"Sawa. Yangu."

Mzee alikuwa ameshuka, nikamsikia anaweka mawe nyuma ya tairi. Akatokea kwa dirisha. Uso wote ulikuwa mweusi kwa masizi, macho tu na meno, na kofia ya sufi imekuwa kama chungu.

"Mnapika nini huko mbele?" akauliza.

"Saba," mama akasema. Injini inanguruma. Nilikuwa nasikiliza kila sauti, vile nilikuwa nasikiliza lori nikiwa mtoto Ngaremara. "Sita." Mama ameshika kikapu na mikono miwili. "Tano." Upepo wa mlima ukapita, ukabeba ile harufu. "Nne. Tatu." Halafu, kwa sauti ndogo, "Mbili. Mbili yako, kijana. Saa nane yangu."

Mzee akafungua sanduku la filta ya hewa. Akaichomoa, akaangalia, akaita, "Kujeni muone unga wa Biliqo." Akaipiga kwa tairi. Vumbi lilitoka kama ni gunia. Zile safari zote za mchanga zilikuwa zimelala humo ndani, injini inanyonya hewa kupitia tundu la sindano, na mimi naimwagia mafuta. Hata bila saba mbili, tungechemka. Na saba mbili, tulikaribia kuiva.

Akarudisha filta. "Kanyaga," akaniambia. "Kidogo."

Nikakanyaga. Mngurumo tu. Nikamwangalia mama, naye hakuniangalia, alikuwa ameangalia ile saa ya mkono kama anamwuliza marehemu. Nikakanyaga tena.

Fiiiii.

Mzee, yule ambaye alikuwa ameichukia tangu siku ya kwanza, akaweka sikio karibu na boneti, akafunga macho. "Mbu mzima," akasema.

Mama akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi yakatoka na wanja ikashuka kwa mashavu. "Nilikuwa nakusaidia!" akasema. "Nikaona kijana anachoka, nikajifundisha namba zake!"

"Na mimi nilikuwa nageuza kwa sababu yako mama!"

"Nyinyi wawili," mzee akasema, anajipangusa masizi na anajipaka zaidi, "mmeheshimiana mpaka mkataka kuchoma gari. Mkianza kuchukiana tutafika salama."

Mama akajipangusa macho, akaona kidole kimekuwa cheusi. Akakiangalia. Halafu akatoa kichupa cha wanja kwa kikapu, akainama, akachora mstari kwa kioo cha ile saa, pale kwa saba. Mstari mnene kama wa jicho la bibi arusi.

"Basi namba zimekufa," akasema. "Yangu na yako. Kutoka leo ni wanja tu."

Tukapanda hivyo, gia ya chini, mwendo wa mwanakondoo. "Mbali na wanja... mbali... inakaribia wanja, toa mguu... mbali." Mashamba ya ngano yakatokea pande zote, ng'ombe wanene wakatuangalia, na mzee nyuma akapiga honi moja kila baada ya kona. Tuko pamoja. Nanyuki tulifika, na mama hakushuka mpaka mshale ulipolala vizuri. Giaboksi ikatengenezwa. Lori ya bluu ikarudi Isiolo ikiteremka mlima na miguu yake mwenyewe, mzee akipiga honi kila mahali kuna watu, na mahali hakuna.

Kwa jerikeni mama hakurudi tena. Ile wanja ilifutika nikaikwaruza kwa msumari ibaki, na maneno yakatoka kwa gari yetu yakaingia kwa zingine. Madereva wa Isiolo wakaanza kuambiana, usipitishe wanja. Mtu akikunywa sana, amepitisha wanja. Bwana akichelewa kurudi kwa mke wake, jamani, umepitisha wanja. Wengi hawakujua imetoka wapi. Mimi niliwaacha.

Halafu magoti yakamshinda mama kabisa, akaenda kukaa kwa binti yake, na lori zote mbili zikauzwa, kila moja njia yake. Mzee aliacha kuendesha siku ile ya bluu iliondoka. Alisema hana haja ya kujifunza sauti mpya.

Sasa naendesha lori ya mtu mwingine, turbo pia. Saa ya moto iko mbele yangu, kubwa, naiona mwenyewe, hakuna mtu wa kunisomea. Lakini kwa ule mlima, pale injini inaanza kuchoka na mluzi unapanda, mdomo wangu huwa umesahau. Unauliza wenyewe, kwa ile sauti ya zamani.

"Saa ngapi?"

Na turniboi wangu, mtoto wa heshima, anaangalia mkono wake. "Saa saba na robo."

Naiona ile saa mbele yangu, mshale uko chini, hakuna shida yoyote. Lakini mguu tayari umetoka kwa mafuta.